Moyo Usio na Kivuli

Moyo hauna rangi ya bluu. Nasema hivyo kwa sababu nimeushika kwa mikono yangu miwili, nikaupasua kwa kisu cha jikoni, nikautazama ndani na nje tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Bluu sikuiona. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kwenye ukuta wa maabara ya sekondari moja hapa Korogwe kuna moyo mkubwa kama mlango, nusu yake bluu kama sketi ya shule, na kwamba aliyeuchora ni mimi, mkubalie, maana ni kweli. Lakini na mimi nipewe nafasi nieleze. Nikishamaliza huenda wewe utaelewa kuliko mimi. Mimi bado.

Nianze na habari zangu, ili ujue anayesema ni nani. Mimi ni fundi wa kuchora. Sikufundishwa na mtu. Nimezaliwa Misima, upande wa Handeni, nyumba ya udongo, na ukuta wa jiko la mama yangu ndio uliokuwa daftari langu la kwanza. Nilikuwa nachora kwa mkaa, ananichapa, anapaka udongo upya, nachora tena. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa. Sekondari niliiona kwa nje tu, nikipita. Lakini leo hii, toka stendi ya Korogwe mpaka Handeni mjini, pita bucha, pita saluni, pita gereji, tazama mkono ulioandika na kuchora. Wa nani? Ng'ombe niliyemchora kwenye bucha moja ya Handeni alisababisha mbwa kukaa chini pale siku tatu akimsubiri aanguke. Watu wapo, waulizwe. Nyumba yangu ya Masuguru, ya matofali ya kuchoma, bati jekundu, imetoka kwenye brashi. Sijaajiriwa, sijarithi, sijabebwa.

Sasa hivi wamekuja hawa wa mabango ya kuchapa kwa mashine. Unapeleka picha kwenye simu, kesho unapewa turubai lina kila kitu, hadi jasho la kinyozi. Sawa. Lakini mwaka haujaisha limepauka, mteja anarudi kwangu. Siwaogopi. Na siwaogopi kwa sababu nina kanuni moja ambayo mashine haina: sichori kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu. Mtu aliwahi kutaka nimchoree friji kwenye duka la soda, nikamwambia afungue nitazame ndani kwanza. Alicheka. Alipoiona picha imekamilika aliacha kucheka, akapeleka mkono kwenye kitasa.

Ndiyo kazi yangu iliyonifanya niitwe na mwalimu wa biolojia.

Huyu mwalimu ni binti wa Kishambaa, kwao ni Vugiri, juu kwenye baridi. Kwa umri angekuwa mdogo wangu wa mwisho, na adabu anayo. Hakuna siku aliyonikuta asinipe shikamoo kabla ya neno jingine. Shule ilikuwa imepata maabara mpya na ukuta wa mbele ulikuwa mtupu. Alitaka moyo wa binadamu uliopasuliwa, uonekane mpaka dawati la mwisho. Akanipa kitabu chenye picha. Nilikifungua, nikaiona ile picha, nikasikitika. Ilikuwa imechorwa na mtu asiyejua kazi. Mistari mitupu, hakuna mwanga unakotoka, upande mmoja nyekundu ya bendera, upande mwingine bluu. Nikakifunga, nikamwambia mwalimu asiwe na wasiwasi, mimi nitamfanyia kitu.

Akasema, "Fundi, fuata kitabu tu."

Nikamjibu nitafuata moyo.

Kilichonipa moto zaidi ni kwamba shule hiyohiyo ndiyo anayosoma binti yangu, na huyo mwalimu ndiye mwalimu wake. Binti alikuwa kidato cha pili. Mwisho wa mwaka walikuwa wanagawanywa, wa sayansi huku, wa sanaa kule, na pale shuleni kwao meza za maabara ni chache, kwa hiyo anayetaka sayansi anapimwa kwanza kwa vitendo. Binti yangu alikuwa hataki kitu kingine duniani. Tangu akiwa mdogo alikuwa anapasua mende na kuuliza maswali. Anataka kuwa daktari wa upasuaji, na mimi nilikuwa nimeshawaambia watu wote wa mtaa wetu kwamba atakuwa. Mkono anao, ameutoa kwangu. Akishika penseli hatetemeki. Mimi nilijua, tena bila shaka yoyote, kwamba mkono huo ndio utakaompitisha.

Basi nilikwenda bucha mapema, kabla watu wa supu hawajachukua kila kitu cha ndani, nikaagiza moyo mzima wa ng'ombe. Muuza nyama ananijua, bango lake ni langu. Akauliza kama nina wageni. Nikamwambia nina kazi ya sayansi. Akaufunga kwenye gazeti huku ananitazama.

Ilikuwa Jumamosi, binti yupo nyumbani. Tukauweka juu ya sinia, kwenye meza, karibu na dirisha. Tukaupasua. Rangi yake ni kama mninga uliopakwa mafuta, nyekundu inayokaribia kahawia, na juu una mafuta ya manjano yamejishika kama nta. Ndani kuna nyuzi nyeupe, nyembamba, zimekazwa kama kamba za hema. Na ukuta wa upande mmoja ni mnene kushinda kidole changu gumba, wa pili ni mwembamba. Binti akanieleza kwa nini: upande mnene unasukuma damu mwili mzima, mwembamba unaipeleka mapafuni tu, hapo jirani. Nikaona ni jambo la maana sana. Yeye akanifundisha hilo, na mimi nikamfundisha langu. Nilimwambia, mama, kabla hujagusa karatasi, jiulize mwanga unatoka wapi. Unatoka dirishani, kushoto. Kwa hiyo kulia kuna giza. Huku laza penseli, paka polepole, chua kwa kidole, mpaka kitu kitoke kwenye karatasi kikufuate. Mchoro usio na kivuli ni maiti.

Alichora. Siwezi kusema uongo, nilitoka nje nikasimama uani kidogo, maana machozi yalikuwa karibu. Mke wangu alikuwa anauliza tutamaliza saa ngapi ili aweke mboga jikoni. Jioni tukaula ule moyo, na binti, akitafuna, akaniambia ile sehemu ninayokula inaitwaje kwa Kiingereza.

Ukutani nilifanya kazi siku nne. Nilichanganya rangi mwenyewe. Nilipata ule wekundu wa mninga, nikapata yale mafuta ya manjano, nikaweka umajimaji, ile nuru ndogo nyeupe inayofanya kitu kionekane kibichi. Wanafunzi walikuwa wanakuja dirishani wakati wa mapumziko, mmoja akasema ule moyo unapiga. Nilimsikia. Sikugeuka, lakini nilimsikia.

Siku ya tano mwalimu akaja kukagua. Akasimama nyuma kabisa, kwenye dawati la mwisho. Nikajua nimemmaliza. Kisha akasogea akagusa ule ukuta mnene kwa kidole, akasema hata kitabu hakionyeshi tofauti hii vizuri namna hii. Nikasema asante. Akasema tena, taratibu, kama mtu anayemuuliza mgonjwa:

"Fundi, bluu iko wapi?"

"Haipo, mwalimu."

"Haipo vipi?"

"Nimetafuta haipo. Moyo nimeununua, nimeupasua, na binti yangu shahidi. Kama wewe umewahi kuiona, nionyeshe nitaiweka."

Akacheka kidogo. Akasema yeye pia hajawahi kuiona.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka, na sijui kama kimewahi kusimama. Maana mimi maisha yangu yote nimeambiwa kwamba wachoraji ni watu wa kutunga. Watu wa sayansi ndio wa ukweli, wa kupima, wa kushika. Sasa hapa mchoraji amekwenda akashika, amerudi na ukweli, na mtu wa sayansi anamwambia atie uongo. Nikamwuliza hivyohivyo. Hakukasirika. Alisema kuna mengine matatu: niondoe kile kivuli, na ile nuru nyeupe ya umajimaji, na mafuta pia, kwa sababu yanaficha mishipa. Nikahesabu kichwani kitakachobaki. Kitabaki kile cha kitabuni.

Nikamwambia siwezi. Nikafunga makopo yangu. Akasema basi atawaza, huenda akaagiza chati ya kuchapwa aitundike juu. Juu ya kazi yangu! Turubai la mashine! Nilirudi Masuguru kwa miguu, sikutaka hata pikipiki, na nikamsimulia binti kila kitu, na nikamwambia kwa ukali kabisa: wewe usije ukachora moyo bila kivuli, hata siku moja.

Hayo maneno ndiyo ninayoyajutia. Wiki iliyofuata wakafanya ule mtihani wa vitendo. Kila meza waliwekewa moyo wa mbuzi uliokatwa katikati, wakaambiwa wachore wanachokiona. Binti yangu alichora alichokiona. Aliuliza mwanga unatoka wapi, akaona unatoka mlangoni, akalaza penseli.

Karatasi aliniletea mwenyewe. Akaiweka mezani, akaenda chumbani. Nakuambia ule moyo wa mbuzi ulikuwa umekaa pale kwenye karatasi, unaweza kuuokota. Na kwenye pembe ya juu, kwa wino mwekundu, sifuri. Chini yake maneno ya Kiingereza, ambayo nilimwita mke wangu anisomee, na mke wangu akamwita binti, na binti akasoma akiwa amesimama mlangoni bila kunitazama: Usitie kivuli. Hii ni picha, si mchoro wa biolojia.

Nikamwuliza maana yake nini. Akasema maana yake ni kwamba ameanguka, na kwamba amepelekwa kwenye orodha ya sanaa. Waliokosa kidogo watarudia Ijumaa ya wiki ijayo, na yeye amewekwa humo kwa sababu majibu yake ya maandishi yalikuwa mazuri. Ni hiyo Ijumaa tu, hakuna nyingine.

"Sasa utachora bila kivuli," nikasema. Nilisema haraka, kama mtu anayevua kofia.

"Nimejaribu," akasema. "Mkono unakwenda wenyewe. Na nikiuzuia nasikia unaniambia nimechora maiti."

Lile neno lilikuwa langu.

Kesho yake nilikuwa shuleni kabla ya kengele. Safari hii mwalimu hakuniita fundi, aliniita mzazi, na nikaona tofauti. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Niliiweka ile karatasi mbele yake nikamwuliza kama kuna mwanafunzi mwingine aliyechora moyo unaofanana na moyo kuliko huu. Akasema hakuna. Nikamwuliza kuna kosa gani ndani yake. Akasema hakuna kosa, ila kivuli. Nikamwambia kivuli kilikuwepo, mtoto ameambiwa achore anachokiona, amekiona.

Akavuta kiti, akaniomba nikae. Akasema, "Mzazi, hiki kivuli ni cha saa nne asubuhi, kwenye meza yake, karibu na mlango. Saa nane kingekuwa upande mwingine. Moyo hauna saa nne. Mimi nataka anichoree kile ambacho mtu wa Mbeya akipasua mbuzi wake usiku kwa taa atakikuta palepale."

Nilitafuta mahali pa kumkamata sikupaona, na wakati huohuo sikukubali. Kwa sababu kitu ambacho hakina saa na hakina mwanga, mimi sijawahi kukiona, na wewe hujawahi. Kila kitu nilichokiona duniani nimekiona saa fulani. Nikamwuliza kuhusu bluu. Akaniambia damu inayorudi moyoni ni nzito zaidi kwa rangi kuliko inayotoka, lakini kwa moyo wa buchani huwezi kujua, damu imeshamwagika. Basi wanatumia bluu ili jicho la mtoto lisikosee. Nikamwambia kama ni nzito apake nyekundu nzito. Akasema kwenye dawati la mwisho nyekundu nzito na nyekundu nyepesi ni kitu kimoja. Hilo nalijua, mabango ndiyo kazi yangu. Lakini nilitoka pale na hasira ileile niliyoingia nayo, ila sasa sikujua niielekeze wapi.

Siku za katikati nilikuwa na kazi Handeni, kuandika upya jina la bucha lililofutika. Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, na kuna Mmasai mmoja tunayefahamiana, rika langu, mwenye mifugo, huwa tunataniana. Yeye ananiita msema uongo kwa sababu ya yule ng'ombe wa ukutani, anasema amemnunua mara mbili na hajawahi kumfikisha nyumbani. Nilimkuta ameegemea uzio. Nikamwuliza swali langu moja kwa moja: damu ya ng'ombe ina rangi ngapi.

Hakushangaa hata kidogo. Alisema mbili. Akaeleza kwamba wao wakitaka damu ya kunywa wanamfunga ng'ombe kamba shingoni, mshipa unavimba, wanaupiga mshale mfupi. Ile damu inatoka taratibu, nzito, nyeusinyeusi, na ng'ombe anapona. "Lakini kijana akikosea akafika kwenye mshipa wa ndani," akasema, "inaruka. Nyekundu kabisa, inarukaruka hivi, kama inatembea. Hapo umepoteza ng'ombe, na huyo kijana tunamcheka mpaka anaoa."

Kwa hiyo zilikuwepo mbili kweli. Binti wa Vugiri na vitabu vyake, na huyu ambaye hajawahi kufungua daftari, wamesema neno moja, na mimi mwenye kanuni ya macho ndiye sikuwa nimeona. Iliniuma. Nikamwuliza, kama ungeambiwa uchore hizo damu mbili ungeziweka rangi gani. Akasema yeye hachori, yeye anakunywa. Nikamsumbua. Basi akaishika fimbo yake akachora chini kwenye vumbi mistari miwili, mmoja mtupu, wa pili akaukatakata vikato vidogo pembeni. Akasema huu ndio wa nje, huu wa vikato ndio wa kuua.

Nikamwambia mshipa hauna vikato.

Akanitazama kama ananionea huruma. Akaninyooshea fimbo kwenye ubavu wa ng'ombe wake aliyekuwa karibu, pale penye chapa ya moto, duara na mkia. "Rafiki, ile ni mimi. Inafanana na mimi?"

"Haifanani."

"Akipotea Kilindi, atarudishwa kwa nani?"

Nilicheka, lakini ndani sikucheka. Njia nzima ya kurudi Korogwe nilikuwa nyuma ya pikipiki nawaza ile chapa. Ningeambiwa nimchore yule Mmasai ubavuni mwa ng'ombe, na ningemchora, na masikio yake na shanga zake, angepotea ng'ombe watu wangesema picha nzuri sana ya Mmasai, wakamchinja. Sasa je, mimi miaka yote hii nachora ili kitu kifanane, kumbe kuna kazi ambazo kufanana kunaziharibu? Na kama ni hivyo, kwa nini yule mtoto dirishani alisema unapiga? Hakuna aliyesema hivyo kwa kitabu. Nilifika nyumbani nimechoka kama niliyelima.

Binti alikuwa mezani na karatasi kumi, kumi na tano. Kila moyo ulianza vizuri, mstari safi, halafu mahali fulani kulia giza lilikuwa limeingia, limefutwa, limeacha uchafu. Ilikuwa Jumatano. Nikaelewa kwamba naweza kumwambia mpaka mdomo ukauke, mkono wake hautaniamini, kwa sababu mkono wake uliniona nikichora, haukunisikia tu. Nikamwambia kesho akitoka darasani aje maabara.

Alhamisi mchana nikamwomba mwalimu ruhusa. Nilikuwa na kopo la nyeupe, la nyekundu, la bluu na brashi nyembamba. Binti akakaa dawati la mbele. Nikapaka nyeupe juu ya moyo wangu. Sitasimulia sana hapo. Mafuta ya manjano yaliondoka kwanza, halafu ile nuru, na upande wa kulia wenye giza ulikataa kufunikwa, ikabidi nipake mara tatu.

Ilipokauka nikaanza mstari. Na hapa nitakuambia kitu ambacho sijamwambia fundi mwenzangu yeyote: mkono wangu ulitetemeka. Miaka yote kama mstari ukipinda nilikuwa naufunika na kivuli. Kivuli kilikuwa kinanisamehe. Mstari mtupu hausamehe, umekosea umekosea, mpaka dawati la mwisho wanaona. Niliufuta mara mbili. Jasho lilinitoka, mimi, mwenye mabango toka Korogwe mpaka Handeni. Nikasikia kiti kinasogea, binti akaja akasimama pembeni, akasema, "Baba, usiuvute. Tazama unakokwenda, usitazame brashi." Nikafanya hivyo. Ukanyooka.

Tukaumaliza pamoja, mimi nyekundu, yeye bluu. Ulikuwa mbaya. Nasema ulikuwa mbaya kama tangazo la dawa ya panya. Lakini nilipokwenda kusimama nyuma kabisa nikaiona damu inaingia huku, inapita kule, inatoka, inarudi, na nilielewa kazi ya moyo kwa mara ya kwanza, ilhali ule wangu mzuri nilikuwa nimeuchora siku nne bila kuelewa damu inakopita. Hili nalo sijui niliweke wapi.

Ijumaa akarudia. Alichora mstari mtupu. Wiki iliyofuata majina yalibandikwa na lake lilikuwa upande wa sayansi, meza ya pili. Mtaa mzima waliambiwa, nilihakikisha.

Ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye amani. Lakini nilikuwa nimeacha brashi yangu shuleni, nikaenda kuifuata, na mwalimu akaniambia niingie ofisini kwake niichukue juu ya kabati. Nikaingia. Juu ya meza yake, ukutani, mahali ambapo mtu anabandika ratiba, umebandikwa moyo wa mbuzi. Wa binti yangu. Ule wa kivuli, na sifuri yake nyekundu pembeni. Nilidhani karatasi ile ipo nyumbani. Kumbe siku ile ya kugomba niliiacha kwake.

Alipoingia alinikuta nimeutazama. Akaona haya kidogo. Akasema alimwomba binti, na binti alimruhusu, na likizo akipanda kwao Vugiri anataka aupeleke kwa mama yake.

Nikamwuliza, "Mwalimu, si ulisema hii si kazi?"

"Nilisema si mchoro wa biolojia."

"Sasa umeubandika wa nini?"

Akafikiri. Akasema, "Nikiutazama namkumbuka yule mbuzi."

Akaniuliza kama naweza kumtengenezea fremu ya mbao na kioo. Nikasema naweza. Nikamwuliza kama angependa tuifute ile sifuri, wino mwekundu unatoka kwa wembe ukiwa mwangalifu. Akasema hapana, sifuri ni ya haki.

Niliibeba nyumbani katikati ya maboksi mawili. Nikaranda mbao za mninga, nikapima. Fremu pana ingeifunika ile pembe na sifuri yake, hakuna ambaye angejua. Nyembamba ingeiacha ionekane. Nilikaa na zile mbao mapajani muda mrefu. Binti alikuwa mezani, karibu na dirisha, anachora figo kwa mstari mtupu, na mkono wake haukutetemeka. Nikamwuliza nikate ipi. Hakuinua kichwa, akasema, yoyote baba.

Nilikata nyembamba. Ukiniuliza kwa nini, sijui.